Mchekeshaji wa pembeni kwenye filamu za Bongo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi ya sauti na uhariri kwenye filamu za Dar es Salaam kwa miaka kumi na minne. Nilianza kwa kushika maiki, ile ya fimbo ndefu, kwenye nyumba za kukodi za Mbezi na Kigamboni. Baadaye nikahamia kwenye kompyuta, chumba cha uani, Sinza. Ndugu, majirani na vijana wanaotaka kuingia kwenye fani huniuliza maswali yaleyale kuhusu watu ninaowapenda kuliko wote katika kazi hii: wale wanaoitwa kuja kuchekesha, wakapewa sini, yaani vipande vya hadithi, tatu au nne, halafu filamu ikitoka mtaa mzima unawataja wao. Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja.

Mchekeshaji wa pembeni ni nani hasa?

Kila filamu ina steringi. Huyo ndiye anayependwa, anayesalitiwa, anayerithi nyumba ya Masaki au kudhulumiwa. Pembeni yake yuko mtu ambaye hadithi haimhusu sana: mlinzi wa geti, shamba boi, mwenye nyumba anayedai kodi, mganga, mjomba aliyeshuka kwenye basi la mkoani na kuku kwapani. Anaingia, anavuruga mambo, anatoka.

Filamu zetu nyingi zimejaa misiba, usaliti na ndugu wanaogombea mali. Mtu hawezi kulia saa moja na nusu mfululizo; machozi yanakauka na anaanza kuangalia simu. Mchekeshaji anampa nafasi ya kuvuta pumzi, ili steringi akija kulia tena, mtazamaji awe na machozi mengine ya kutoa. Kwa hiyo naomba tuache kusema "na fulani naye alikuwemo". Mara nyingi huyo fulani ndiye aliyeibeba filamu begani.

Kazi hii ilianzia wapi hapa kwetu?

Ilikuwepo muda mrefu kabla ya kamera. Ukitaka kuona mzizi wake, nenda kwenye msiba wenye watani. Mzaramo anafiwa, Mnyamwezi anakuja na kuvaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anazuia jeneza lisipite mpaka apewe hela. Wafiwa wanacheka huku wanalia. Hakuna anayemkasirikia, maana ndiyo kazi yake siku ile. Mchekeshaji wa pembeni ni mtani aliyeingizwa kwenye filamu, na ndiyo maana watu wetu humwelewa bila kufundishwa.

Kisha kuna redio. Waliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, majina yaliyotoka kwenye methali, wajanja wawili wanaozidiana kete. Sauti tupu, hakuna sura, na bado watu walikuwa wanaegemeza sikio kwenye redio ya jirani.

Kisha kumbi. Vikundi vikubwa vya utamaduni kama Muungano ya Norbert Chenga, na tangu miaka ya 1990 TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba, vilikuwa na onyesho la saa kadhaa: ngoma, sarakasi, kwaya, kichekesho, igizo, taarab. Kichekesho kilikuwa kipengele kamili chenye nafasi yake. Hakikuwa na maandishi. Waigizaji walikubaliana kisa nyuma ya jukwaa, wakapanda. Na mbele yao kulikuwa na ukumbi wa watu waliokwisha kunywa bia mbili tatu, wanaoongea, wanaoita mhudumu. Ukishindwa kuwanyamazisha hao, umeshindwa. Hakuna chuo kigumu kuliko kile.

Televisheni ilipokuja Tanzania Bara mwaka 1994, vikundi vya maigizo vikapata nyumba mpya. Kaole walionekana ITV, na kutoka humo wakatokea akina Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray, ambao baadaye ndio waliokuwa masteringi wa filamu. Wachekeshaji walihama na mbinu zao za ukumbini: sauti kubwa, mwendo wa kutiwa chumvi, maneno ya papo kwa papo. Ilichukua muda kuzoea kwamba kamera iko karibu na uso na haihitaji kupigiwa kelele. Waliozoea ndio waliodumu.

Mzee Majuto alikuwa nani?

Hili naulizwa na watoto waliozaliwa juzi, na linanifurahisha. Jina lake ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, mwaka 1948. Alianza kuigiza akiwa bado mtoto, na aliendelea mpaka uzeeni. Wengi wanadhani alikuwa mtu wa Dar es Salaam kwa sababu kazi nyingi zilifanyika huku, lakini Tanga ndiko alikokuwa na maskani yake.

Alikuwa na kitu ambacho bado nakitafuta kwa wachekeshaji wapya: hakucheka. Yeye alikuwa anakereka. Mzee mchoyo, mzee mbishi, mzee aliyedanganywa na kibinti, siku zote alikuwa na malalamiko ya kweli, na aliyalalamikia kwa moyo wake wote. Mtazamaji alicheka kwa kuwa yule mzee hakuona cha kuchekesha hata kidogo. Mtazame hata bila sauti. Macho yanafika kwenye tukio kabla ya mwili, mdomo unaanza kunung'unika, kisha ndipo neno linatoka, na likitoka umeshacheka tayari.

Kwenye karatasi mara nyingi alikuwa mtu wa pembeni, lakini wasambazaji wa Kariakoo walijua sura yake kwenye kava inauza. Kwa hiyo unakuta filamu ya kijana fulani, na kwenye kava mzee amejaa. Kwa haki kabisa, kwa maoni yangu.

Mwaka 2018 aliugua sana. Alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, na akafariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Akazikwa kwao Tanga. Siku ile nilikuwa na kazi ya kukabidhi, nikaizima kompyuta.

Na Sharo Milionea?

Hussein Mkiety, kijana wa Muheza. Yeye alileta mchekeshaji wa aina nyingine: kijana wa mjini, suruali ya kubana, nywele zimepangwa, mbwembwe za mtu tajiri na mfukoni hamna kitu. Akikutana na Majuto kwenye sini moja, ilikuwa baba na mtoto wasioelewana duniani, mmoja mzito, mwingine mwepesi kama karatasi. Kila mmoja alimfanya mwenzake achekeshe zaidi. Sharo alifariki kwa ajali ya gari usiku wa tarehe 26 Novemba 2012 hukohuko Muheza, akiwa na umri wa miaka 27. Misemo yake ilibaki kwenye midomo ya makonda wa daladala kwa muda mrefu.

Wanasoma skripti au wanajitungia?

Yote mawili, lakini ngoja nieleze, maana hapa ndipo watu wanapokosea.

Skripti nyingi zilizonipitia, ikifika zamu ya mchekeshaji, zimeandikwa hivi: "Mlinzi anafungua geti, anachekesha." Basi. Anachekesha vipi? Mwandishi kaitua kazi yake kwenye kichwa cha mtu mwingine, na jina lililo kwenye kava ni la mwandishi.

Kuna siku tulikuwa Mbezi Beach. Mzee wa miaka sitini na kitu anacheza mlinzi. Dada steringi anafika getini analia, anamtafuta mchumba wake ambaye amejificha ndani. Mzee alikuwa na mstari mmoja: "Bosi hayupo." Teki ya kwanza, yaani tuliporekodi mara ya kwanza, akausema kama ulivyoandikwa. Hakuna aliyecheka. Dairekta, kijana mdogo, akasema, "Mzee, shikamoo tena, hebu tuongezee utamu."

"Marahaba mwanangu," akajibu. "Niacheni dakika tano."

Akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa na mhogo wa kuchoma kwenye gazeti, wa pilipili na chumvi, alionunua barabarani. Akaula kidogo, akaufikiria, kisha akamwomba dairekta amruhusu kuingia nao.

Teki ya pili. Dada anafika, kwikwi, "Bosi yupo?" Mzee mdomo umejaa mhogo wa moto. Akanyanyua kidole: subiri. Akatafuna. Dada analia. Akatazama ndani ya uzio, akamtazama dada, akaendelea kutafuna taratibu, kwa adabu zote, kama mtu aliyefundishwa nyumbani kwao kutoongea na chakula mdomoni. Akameza. Akafuta vidole kwenye koti la ulinzi. "Bosi hayupo." Kisha akautazama mhogo wake, akaukata vipande viwili, akampa dada kipande kikubwa. Yule dada, ambaye hakuambiwa chochote, akaupokea na kuung'ata huku machozi yanamtiririka.

Maiki ilitikisika, maana niliishika mimi na nilikuwa nacheka. Ikabidi irudiwe, kila mara na kipande kipya cha mhogo, mpaka kijana akatumwa kununua mwingine.

Nilipoihariri, kule kutafuna kulichukua sekunde kumi na moja. Dairekta akasema ni ndefu, punguza ziwe nne. Nikapunguza. Ikafa kabisa, akawa mtu tu anayekula getini. Tukazirudisha zote. Kichekesho hakikuwa kwenye neno hata moja. Kilikuwa kwenye ile subira, na kwenye kipande kile cha mhogo ambacho kilimfanya yule dada aonekane mpweke zaidi kuliko kilio chote alicholia nusu saa nzima. Mzee alikuja kuchekesha, akamsaidia steringi kuigiza. Ndiyo maana ya mwigizaji msaidizi.

Kwa hiyo, ndiyo, wanajitungia. Lakini anayejitungia vizuri amesikiliza kwanza sini inataka nini. Wapo wanaojitungia ovyo, wakaanza kumrukia mwenzao maneno mpaka hadithi inapotea. Hao kwenye uhariri nawakata bila huruma.

Mbona kila siku ni mlinzi, hausiboi au mtu wa kutoka kijijini?

Kwa sababu waandishi wanaogopa kujaribu. Mtu akichekesha mara moja akiwa mlinzi, ataletewa magwanda ya ulinzi mpaka azeeke.

Suala la lafudhi lina pande mbili. Lafudhi ya Kimakonde, ya Kipemba, ya Kimasai, ya Kigogo, zote zimetumika kuchekesha, na kwenye utani wetu jambo hilo lina mahali pake: mtani wako anakuiga kwa sababu na wewe kesho utamwiga. Ila utani una watu wake na mipaka yake. Mwigizaji ambaye hajawahi kukaa na Mmasai hata siku moja, akavaa shuka na kuvuruga Kiswahili ili watu wacheke, anamdhalilisha mtu ambaye hana zamu ya kumjibu. Waliobobea hawahitaji hilo. Wanachukua mtu mmoja wanayemjua, labda baba mdogo wa Masasi, wanamwiga yeye na namna yake ya kuhesabu hela, na watazamaji wa Masasi ndio wanaocheka wa kwanza.

Wanalipwaje?

Kwa kawaida kwa siku, au kwa kazi nzima, mkononi, mara moja tu. Na kila kitu kinachofuata hakimhusu tena.

Miaka ya CD, prodyuza aliiuza filamu kwa msambazaji wa Kariakoo, mara nyingi ikiwa imegawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili inunuliwe mara mbili. Kabla haijamaliza wiki sokoni, nakala za kuchoma, yaani za wizi, zilikuwa zinatembezwa mitaani. Mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za kodi za TRA kwenye CD na DVD ili halali ijulikane, lakini soko lenyewe lilikuwa linaelekea kuhama. Sasa filamu na tamthilia zinaenda kwenye ving'amuzi, Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo, na nyingine moja kwa moja YouTube.

Mchekeshaji ndiye anayeumia zaidi kwenye mabadiliko haya, kwa sababu sini zake ndizo zinazokatwa vipande na kusambazwa. Hakuna anayemtumia mwenzake steringi akilia. Wanatumiana yule mzee na mhogo wake. Kipande cha dakika moja kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka na miaka, kinawekwa kwenye akaunti za watu wasiojulikana, kinaangaliwa na watu wengi mno, na mwenye sura ile yuko Mbagala anangoja daladala.

Nimeshuhudia siku Kigamboni, tumemaliza saa mbili usiku, prodyuza akasema hela ziko njiani. Saa tatu simu yake haipatikani. Mzee mmoja aliyetuchekesha kutwa nzima hakuwa na nauli. Nauli ya pantoni ilikuwa shilingi 200 tu, nikamlipia, tukavuka pamoja. Abiria walimtambua, wakaanza kumwomba awafanyie ile sauti yake. Akaifanya. Nilisimama pale kwenye reli natazama taa za Magogoni, na hasira niliyokuwa nayo sijaisahau.

Sheria haiwalindi?

Ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo inayoshughulikia hayo. Bodi ya Filamu nayo, chini ya sheria ya mwaka 1976, ndiyo inayokagua filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Tatizo ni kwamba haki inayoanzia kwenye mkataba inahitaji mkataba uwepo. Mwaka 2018, malalamiko kuhusu mikataba aliyokuwa ameingia Mzee Majuto yalisikika mpaka serikalini, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee hakuishi kuona mengi.

Ninachowaambia wenzangu: karatasi moja inatosha kuanzia. Iseme siku ngapi, kiasi gani, zinalipwa lini, jina linakaa wapi kwenye kava, na vipande vikitumika kwenye tangazo au vikiwekwa mtandaoni unapata nini. Hicho cha mwisho watu husahau, nacho ndicho chenye hela siku hizi.

Wakiugua inakuwaje?

Michango. Grupu linafunguliwa, namba ya simu inawekwa, watu wanatuma elfu tano tano. Mzee Small, yaani Said Ngamba, aliyechekesha nchi hii kwa miongo kadhaa, aliugua muda mrefu kabla ya kufariki Juni 2014. Nakumbuka mazungumzo ya wakati ule, kila mtu akisema "tusirudie tena kosa hili". Msanii wa kujitegemea hana mwajiri wa kumkatia bima. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea wanachama waliojiajiri, wanaochangia wenyewe kidogo kidogo. Nimewasindikiza wawili kujiandikisha, na ningependa vyama vyetu viweke nguvu huko kuliko kwenye sare za misibani.

Wanawake wapo?

Wapo, na wanapewa nafasi finyu: mama mkwe mkali, shoga mmbea, dada wa kazi. Tausi na Ebitoke wameonyesha kwamba mwanamke anaweza kubeba kichekesho peke yake. Sioni sababu ya mganga, mwenye nyumba au mjumbe wa nyumba kumi kuwa mwanaume kila mara. Mjumbe wa mtaa wangu ni mama, na angevunja watu mbavu bila kuandikiwa chochote.

Ni kweli nyumbani ni wakimya?

Wengi niliowajua, ndiyo. Mtu amesikiliza watu kutwa nzima. Jioni anataka kunywa chai.

Kuchekesha kwenye simu na kwenye filamu ni kazi moja?

Hapana. Kwenye klipu fupi wewe ndiye mwanzo na mwisho. Ze Comedy, ambao baadaye walikuwa Orijino Komedi, akina Joti, Masanja na Mpoki, walizoeza nchi nzima kichekesho kifupi cha televisheni, na vijana wa mitandaoni wamekifupisha zaidi. Ni kipaji kikubwa. Lakini kwenye filamu unaingia katikati ya huzuni ya mtu mwingine, na ukitoka lazima uiache ile huzuni ikiwa nzima. Nimeona vijana wenye wafuasi wengi wakishindwa kabisa, kwa sababu hawajawahi kumngoja mwenzao amalize kuongea.

Nina mjomba Temeke, mcheshi kupita kiasi. Nimpeleke wapi?

Kama ni kijana na ana muda, TaSUBa, taasisi ya sanaa iliyoko Bagamoyo, wanafundisha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya sanaa za maonyesho. Kama ni mtu mzima mwenye familia, atafute kikundi cha maigizo cha mtaani, Temeke havikosekani. Akae miezi kadhaa, akubali hata kucheza mtu anayepita na baiskeli.

Siku akiitwa kwenye kazi, afike mapema na ajue jina la mshika maiki. Asichekeshe watu wakati wa kupumzika mpaka akaishiwa kabla ya sini. Asiombe kuongezewa maneno. Aombe kitu cha kushika mkononi. Viatu aje na vyake alivyovizoea, maana vya kuazima vinabadilisha mwendo, na mwendo ndio nitakaouona kwanza nikifungua faili. Na ile karatasi aisaini kabla hajabadilisha nguo.